Kadi imewekwa, skrini nyeusi: nisasishe BIOS au nirudishe kadi?

"Assalaam alaykum fundi, na shikamoo. Mimi niko Langoni, Lamu. Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 ile ya mnara, prosesa i5-3470, RAM GB 8, hard diski ya GB 500, Windows 10. Niliinunua ya mtumba kutoka Uingereza miaka minne nyuma. Tangu nibadilishe simu ya kurekodia, video zinakwama-kwama nikizihariri, na kutoa video ya saa moja kunachukua usiku kucha. Nikaambiwa dawa ni kadi ya grafiki. Nimepata GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa elfu nane, na muuzaji amenipa siku saba za kuijaribu. Uzuri wake ina tundu la VGA, na monita yangu ni ya VGA. Ina soketi ya pini sita ambayo pawa saplai yangu haina waya wake, kwa hivyo akanipa adapta ya kuchomeka kwenye waya wa SATA. Nimeiweka, feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Nikiichomoa, kompyuta inawaka kama kawaida, ila ule waya wa adapta niliukuta una joto. Muuzaji anasema BIOS yangu ni ya zamani, A05, niisasishe na hata kasi ya mashine itaongezeka. Pia nitumie draiva zilizo kwenye flashi yake, nisishushe za mtandaoni. Naogopa, maana nimesikia stima ikikatika katikati ya kazi hiyo mashine inakufa. Zimebaki siku nne. Nifanye nini?"

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Kwanza la haraka: zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, toa kadi pamoja na adapta yake, na usiguse BIOS, ile programu ya kwanza inayoamsha kompyuta, usiku wa leo. Kusasisha BIOS si jambo baya, na huko mbele nitakueleza namna ya kulifanya kwa usalama hata huko kwenu. Lakini nikisoma barua yako, ninayemshuku zaidi ni hiyo kadi.

Nilipofika pale uliposema "uzuri wake ina tundu la VGA" nilirudi nikasoma tena. Chipu ya GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, ni ya kizazi ambacho NVIDIA, kampuni iliyoiunda, walikiita Pascal, na katika kizazi hicho waliondoa kabisa sehemu inayotengeneza mawimbi ya VGA. Nyuma ya kadi ya kweli utakuta HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali. Ili iwe na VGA, aliyeiunda angelazimika kuongeza chipu nyingine ya kugeuza ishara, na hilo ni nadra sana. La pili ni pini sita. 1050 Ti iliundwa kula wati 75, na wati 75 ndicho kiwango chote ambacho sloti ya PCIe, lile tundu la mathabodi inamochomekwa kadi, inaruhusiwa kutoa, ndiyo maana nyingi hazina soketi ya ziada. Zipo zilizoongezewa kasi kiwandani zikawekewa pini sita, kwa hivyo hiyo peke yake si hatia. Ila VGA, pini sita, na muuzaji anayekukataza draiva (programu za kuendesha kadi) za NVIDIA wenyewe, vikikaa pamoja, mimi sinunui.

Kuna biashara chafu ya miaka mingi. Huchukuliwa kadi za 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, ikafutwa ile programu ya ndani ya kadi, ambayo mafundi huiita fimwea, ikaandikwa nyingine inayojitambulisha kwa Windows kuwa ni 1050 Ti yenye GB 4. Feni mpya, stika mpya, boksi jipya. Windows ikiuliza jina, kadi inataja jina la uongo na Windows inaamini. Ukiipa kazi inayozidi kumbukumbu yake halisi, ambayo mara nyingi ni GB 1, picha huparaganyika au mashine hujizima. Draiva halisi za NVIDIA hazitosheki na jina, huzungumza na chipu yenyewe, na hapo uongo hujulikana: zinakataa au zinaangusha Windows. Ndiyo sababu kadi za namna hiyo husafiri na flashi au sidii yake. Muuzaji wako huenda naye ameuziwa hivyo hivyo, simhukumu.

Na hata ikiwaka, haitakusaidia chochote kwa shida uliyonayo. Chipu hizo za zamani haziwezi kusoma video za simu yako wala kuziandika, kama nitakavyoeleza, na NVIDIA waliacha kuzitolea draiva mpya tangu 2018.

Kuihakiki ni rahisi. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu 2018 huzitambua kadi za uongo na kuandika neno FAKE kwenye mabano mbele ya jina. Mwambie muuzaji aiweke kadi hiyo kwenye mashine yake mwenyewe, yenye pawa saplai ya kutosha, akupigie picha ya dirisha la GPU-Z, nambari zote zionekane. Akikataa, umeshapata jibu. Usikubali mazungumzo ya "sasisha BIOS kwanza" yakakulia siku nne zako.

Sasa ile adapta yenye joto. Waya wa SATA umetengenezwa kulisha diski. Una pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Soketi ya pini sita ya kadi ina haki ya kudai wati 75. Unaona pengo hilo? Joto uliloligusa ndilo pengo lenyewe. Adapta hizi huanza kwa joto, kisha plastiki hulainika, kisha pini mbili zinagusana humo ndani. Nimezifungua zikiwa zimeungua kahawia kwenye shingo ya plagi huku nje waya unaonekana mzima. GTX 550 Ti kwa maelezo yake hula wati 116. Pawa saplai ya 7010 ya mnara ni ya wati 275, prosesa yako peke yake imekadiriwa wati 77, bado mathabodi, diski na feni, na mashine imeshapita miaka kumi. Usiirudishe adapta hiyo kwenye kompyuta yoyote, hata kwa kujaribu.

Turudi kwenye BIOS, maana hofu yako ni ya haki na maelezo uliyopewa si sahihi.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa huamka haijui kitu. Haijui una RAM kiasi gani, haijui kuna diski, haijui skrini ni nini. Mahali pa kwanza inapokwenda kusoma ni chipu ndogo ya miguu minane kwenye mathabodi, ukubwa wake kama punje ya hindi. Humo ndimo BIOS inamokaa. BIOS huiamsha RAM, kisha hupita sloti moja baada ya nyingine kuuliza nani yuko hapa, humpa kila mmoja anwani yake, na ikikuta kadi ya grafiki huiachia fimwea ya kadi hiyo ilete picha. Kwa hivyo ile nembo ya Dell unayoiona mwanzoni ni matokeo ya fimwea mbili kuelewana, ya mathabodi na ya kadi.

Zisipoelewana, feni zitazunguka, diski itanguruma, na skrini itabaki nyeusi. Kompyuta za umri wa yako ziliundwa wakati wa mpito: BIOS za mtindo wa zamani zilikuwa zinaondoka na mtindo wa UEFI unaingia, na 7010 inafahamu mitindo yote miwili. Kadi kama 1050 Ti huja na fimwea ya mitindo yote miwili pia. Kadi za 2010 kwa kawaida zina ule wa zamani tu, na mashine ikiwekwa kwenye UEFI bila kuruhusu mtindo wa zamani, kadi hizo hukaa kimya kabisa. Hiyo ni sababu moja inayowezekana ya giza lako. Nyingine ni umeme wa adapta kushuka kadi inapoanza kuvuta. Nyingine ni fimwea ya uongo iliyoandikwa vibaya. Na ndiyo, iko nafasi kwamba BIOS ya A05 inachangia, kwa sababu ni miongoni mwa matoleo ya mwanzoni. La mwisho kwa mashine hiyo ni A29, la 2018.

Lakini kwamba BIOS mpya huongeza kasi, hapana. Toleo jipya hurekebisha makosa, huboresha maelewano na vifaa, na hufunga mianya ya usalama. Hiyo A29 ilikuja mwaka ambao dunia iliambiwa kuhusu mwanya wa Spectre kwenye prosesa, na kuuziba mwanya huo kulipunguza kasi kidogo kwa baadhi ya kazi, hasa kwenye prosesa za umri wa yako. Wala BIOS mpya haitakupa Windows 11, inayotaka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Yako ni ya kizazi cha tatu.

Kuhusu stima: ulilosikia ni kweli, na ni vizuri ujue kwa nini. Chipu ya BIOS haifutwi herufi moja moja kama unavyorekebisha kosa kwenye daftari. Hufutwa kipande kizima, kikawa kitupu, ndipo maandishi mapya yaingie. Niliwahi kuletewa hapa Malindi kompyuta kutoka Shela, mwenyewe anasema "ilizimika tu". Nikaibana ile chipu kwa kibanio, nikaisoma kwenye laptopu. Mwanzoni maandishi yamejaa, hata jina la mtengenezaji unalisoma. Halafu ghafla FF FF FF FF, safu baada ya safu, hadi mwisho wa faili. Pale F ya kwanza ilipoanza ndipo stima ilipokatika. Ungeweza kuweka kidole. Prosesa iliendelea kuamka kila ikiwashwa, ikisoma mpaka pale, na kukuta hamna kitu. Niliiandikia BIOS nzima upya, nikairudishia Service Tag yake, yaani nambari ya utambulisho ya Dell, ikawaka. Kwa hivyo mashine haifi moja kwa moja, ila kuifufua kunataka kifaa maalumu na mkono uliozoea.

Kama siku moja utasasisha, na ningependa usasishe kabla ya kuweka kadi yoyote ya kweli, fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio kwa kubonyeza F2 nembo ya Dell inapotokea, upige picha kila ukurasa kwa simu. Usiruke ukurasa unaoitwa SATA Operation. Hapo pana mtego ambao watu wengi huufikiria kuwa ni BIOS iliyoua Windows. Sasisho laweza kurudisha mipangilio ya kiwandani, na ya Dell kwa kawaida ni RAID On, moja ya namna mashine inavyozungumza na diski; nyingine ni AHCI. Kama Windows yako iliwekwa wakati mashine iko AHCI, ikiamka itaonyesha skrini ya buluu ikidai haioni diski. Diski ni nzima na video zako zipo. Unarudi F2, unaweka AHCI kama kwenye picha yako, basi.

Faili la BIOS lishushwe kwenye tovuti ya Dell kwa Service Tag ya mashine yako, zile herufi na nambari saba kwenye stika. Usipokee faili la BIOS kwa WhatsApp, hata kutoka kwangu. Soma maelezo ya toleo, kwa sababu baadhi ya mashine hutaka kupitia toleo la kati kwanza. Nakili video zako kwenye diski ya nje. Kisha umeme: tafuta UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, na uijaribu kabla ya kuiamini. Washa kompyuta ukiwa umeichomeka kwenye UPS, kisha chomoa UPS ukutani. Isipokaa dakika kumi, betri yake imekwisha, na joto la pwani huzimaliza betri hizo upesi. Kama huna, omba mezani kwa mtu mwenye sola yenye betri. Kuandika kwenyewe huchukua dakika chache tu. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili au tatu, skrini ikakaa nyeusi kwa dakika nzima. Usiiguse. Wengi huipoteza hapo hapo, kwa kubonyeza kitufe kwa wasiwasi wakati kazi ilikuwa inakaribia kwisha.

Sasa nije kwenye shida yenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuuliza: umesema imeanza ulipobadilisha simu. Mwanangu, hapo ndipo penye jibu.

Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mtindo wa kubana video uitwao H.265, unaofanya faili kuwa karibu nusu ya H.264 kwa ubora ule ule. Mtindo huo ulipitishwa rasmi 2013. Prosesa yako ilitoka 2012. Ndani yake mna sehemu maalumu ya kufungua H.264 kwa wepesi, lakini H.265 haikuwapo ilipoundwa, kwa hivyo hulazimika kuifungua kwa kukokotoa, picha baada ya picha, kwa viini vyake vyote vinne vya kukokotoa. Na video haihifadhi picha kamili kila mara. Huhifadhi moja kamili, kisha zinazofuata ni tofauti tu: hapa mkono umesogea, pale leso imepepea. Wewe ukivuta kidole hadi katikati ya kipande cha sherehe ya kupamba, programu hurudi nyuma hadi kwenye picha kamili ya karibu, ikajenga zote za katikati mpaka ifike ulipogusa. Ukisogeza tena, inaanza upya. Ndiko kukwama unakokuona.

Hakikisha. Fungua Task Manager kwenye ukurasa wa utendaji, cheza kipande cha video mpya, kisha cha simu ya zamani. Ikiwa prosesa inapiga asilimia 100 kwa video mpya na inapumua kwa ya zamani, basi ni H.265. Ikiwa diski ndiyo iliyokwama kwenye 100, ni ile hard diski. RAM ikijaa, ni RAM. Dakika tano, na hujatoa shilingi.

Dawa ya bure ipo. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu, ondoa ule mtindo wa ufanisi wa juu, weka H.264, na kama wateja wako hutazama kwenye simu na televisheni za kawaida, rekodi 1080 badala ya 4K. Kwa video ambazo umesharekodi, tumia proksi. Programu nyingi za kuhariri zina njia ya kutengeneza nakala nyepesi za vipande vyote. Iache itengeneze usiku ukilala, uhariri juu ya nakala, na mwisho programu yenyewe itumie video asilia kutoa kazi. Nawaambia vijana wengi jambo hili na huwa wanalidharau kwa sababu halina kitu cha kununua.

Ikiwa utanunua, anza na SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Mashine yote utaiona imebadilika, na siku ukihamia kompyuta nyingine utaihamisha. Kisha ongeza RAM ifike 16. Kisha i7-3770, ambayo inakaa kwenye soketi ile ile, inakula wati 77 zile zile, na hubeba nyuzi nane za kazi badala ya nne. Kwa mtumba hupatikana.

Halafu ndipo kadi. 1050 Ti ya kweli, isiyo na pini sita, ingekufaa kwa dhati: inafungua H.265 na ina sehemu yake ya kuandika video, kwa hivyo saa yako moja haitalala usiku kucha, alimradi programu yako ya kuhariri ijue kuitumia. Monita yako itahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, maana waya mtupu haufanyi kazi. Na waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, usiuache kwenye matundu ya mathabodi. Jihadhari na mitego miwili. GT 1030 hula wati 30 tu na itakushawishi, lakini haina sehemu ya kuandika video. RX 6400 nayo haina, na sloti ya mashine ya zamani huipunguzia mwendo. Kwa michezo ya watoto sawa, kwa kazi yako hapana. Kadi za Intel Arc usiziguse kabisa kwa mashine hii, zinahitaji uwezo ambao Intel wenyewe huuahidi kuanzia prosesa za kizazi cha kumi.

Nikuambie ukweli wote, hata kama si ulioutaka. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. NVIDIA wametangaza kwamba kizazi cha Pascal kitapata marekebisho ya usalama peke yake mpaka Oktoba 2028. Kwa hivyo unatia fedha kwenye nyumba ambayo kuta zake zimebakiza miaka michache. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane, yenye i5-8500 kwa mfano, ina viini sita badala ya vinne, inaruhusiwa Windows 11, na grafiki iliyomo ndani ya prosesa yake inafungua na kuandika H.265 bila kadi yoyote. Ukijumlisha SSD, RAM, i7, kadi na kigeuzi, ukakuta umefika nusu ya bei ya mashine hiyo, mimi ningenunua SSD peke yake, nifanye kazi kwa proksi msimu huu wa harusi, na nyingine niweke akiba. Hiyo ndiyo nasaha ningempa binti yangu.

Jambo jingine la huko kwenu. Nyumba za mawe za Lamu hudondosha unga wa chokaa kidogo kidogo, na upepo wa kusi huleta chumvi. Nikifungua kompyuta za Lamu nakuta mapezi ya kupozea prosesa yamejaa unga mweupe ulioshikana kama sabuni, na meno ya RAM yana madoa ya kijani. Madoa hayo peke yake yanaweza kuleta skrini nyeusi. Kabla hujaweka kifaa chochote kipya, futa meno ya RAM kwa kifutio cheupe cha shule, kisha kitambaa chenye spiriti ya isopropili, yakauke. Toa vumbi kwa brashi laini, feni ukiishika kwa kidole isizunguke. Usiache kompyuta imezimwa wiki nzima wakati wa kusi. Saa moja ya kuwaka kila siku huikausha.

Na zipo hali ambazo usijaribu mwenyewe. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kapasita kwenye mathabodi zimevimba kichwani, mashine ikijiwasha na kujizima bila kufika nembo hata baada ya kutoa kadi, au ukisasisha BIOS na isirudi, acha. Mtafute fundi mwenye mita hapo Lamu aipime pawa saplai kwanza, maana adapta ile huenda imeichosha. Kama ni kazi ya chipu, ipakie kwenye boksi lenye nguo za kuizuia isitikisike, ivuke Mokowe, uipeleke parseli ya basi la Malindi.

Lakini kabla hujaifunga, toa diski. Ni skrubu chache na nyaya mbili. Wanawake waliokukubalia kuingia na kamera kwenye kupamba walikuamini wewe, na fundi hana haja ya diski hiyo, hata akiwa mtu unayemjua. Mimi nina diski yangu ya majaribio hapa. Iweke yako kwenye bahasha, na ibaki kabatini kwako mpaka mashine irudi.